Risasi za Mkwe Zinakwenda Kushoto

Jumatano, 12 Julai 1995

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, hata zizi halionekani. Nimeanza daftari jipya. Lile la zamani Baba Anneth alilichana akawashia moto, anasema alidhani ni hesabu za kuku.

Leo shemeji Nathanaeli amepanda kutuambia hatapiga shabaha mwaka huu. Mtoto wa jicho. Anaona kila mtu wawili. Baba Anneth akamwambia si neno, basi apige yule wa kulia. Akacheka peke yake. Halafu akanyamaza, na kunyamaza kwa Eliud, mume wangu, nakujua.

Siku ya Shabaha pale Maji ya Chai ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wanapiga wawili wawili wa nyumba moja, kwa bunduki moja ya upepo, ile ya kufukuzia ndege shambani. Baba Anneth na huyu Nathanaeli, mdogo wake, ndio washindi tangu mashindano yaanzishwe. Bila mwenzi hapigi. Asipopiga atakaa nyumbani mpaka Krismasi anihesabie chumvi ninayotia mbogani.

Lakini mimi nina jambo langu. Posa ya Anneth imeletwa tangu mwezi wa tano. Kijana ni Sylvanus, Mchaga wa Machame, ana kibanda cha vipuri vya baiskeli mjini, soko la Kilombero. Mtulivu, anasali, hanywi zaidi ya watu wengine. Anneth anampenda mpaka anaunguza nguo za wateja kwa pasi. Wajomba zake kijana wanakuja kusikia jibu Jumapili tarehe 23, na Baba Anneth hana jibu. Nikimwuliza anasema hamjui huyo mtu. Anasema kila akija hapa anatazama chini kama aliyeangusha sindano. Atampaje binti mtu ambaye hajaona rangi ya macho yake?

Hapo wazo likanijia. Nikasema taratibu, kama mtu anayekumbuka: kwani hujui Sylvanus alikuwa mpiga shabaha shuleni kwao Moshi? Baba Anneth akaweka kikombe chini. Akasema kweli? Nikasema alipewa na cheti. Cheti kilinitoka chenyewe, sikukituma.

Akafikiri sana. Akasema basi, kijana atapiga pamoja naye. Halafu akatoa neno zito: nitakachokiona kwake uwanjani ndicho nitakachowajibu wajomba zake.

Nimemshukuru Mungu. Jambo limekwisha.

Alhamisi, 13 Julai

Halijakwisha.

Nimeshuka mpaka Elerai anakoshona Anneth, nimpe habari njema. Akaacha cherehani, akakalia kitambaa cha mteja. Akasema, Mama, Sylvanus hajawahi kushika hata manati. Kwao wakimpa kuku wa kuchinja anafumba macho, na kuku anaondoka zake.

Nikamwambia atulie, mimi mama yake nitamfundisha. Akaniuliza, wewe? Nikamkumbusha kwamba nilikuwa mgambo wakati wa vita vya Kagera, wiki tatu nzima pale kiwanja cha shule. Akasema, lakini Mama, mlikuwa na bunduki za mti.

Ni kweli zilikuwa za mti. Lakini bunduki ni kulenga, na mimi nililenga wiki tatu na hakuna hata mtu mmoja aliyesema nimekosa.

Ijumaa, 14 Julai

Somo la kwanza.

Baba Anneth kutwa yuko chama cha ushirika anapima kahawa. Siku hizi wanunuzi binafsi wamekuja na mizani yao na magari yao, basi watu wa ushirika hawatoki pale, wanaogopa wakienda kula watakuta hata mlango umenunuliwa. Kwa hiyo bunduki mchana ni yangu.

Shida ni moja. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja, hawaelekezani maneno. Posa ikishaletwa, adabu imeshaanza. Sasa nitamfundishaje mtu nisiyeweza kumsemesha?

Nikamleta mbuzi. Nikamfunga kwenye mgomba karibu yetu, nikawa nasema na yeye. Nikamwambia mbuzi, mtu akitaka kulenga kitako cha bunduki akibane begani. Nikamwambia, vilengeo ni viwili, kile kinundu cha mbele mdomoni mwa bunduki na kile chuma chenye mkato cha nyuma. Kinundu kikae katikati ya mkato, na juu yake likae kopo. Mbuzi akanisikiliza vizuri. Sylvanus akamjibu mbuzi kwamba amemwelewa Mama, na ahsante.

Kijana ana adabu huyu. Amefika, akasalimia shikamoo akitazama mgomba. Mimi nikasimama kuliani kwake, kama alivyokuwa akisimama afande wetu. Yeye akageuza uso wake wote upande wa kushoto ili asije akaniona hata kwa bahati mbaya. Machozi yalinilenga. Vijana wa namna hii hawapo tena.

Akapiga. Kopo liko palepale, kwenye kisiki mbele ya ukingo wa udongo. Akapiga tena. Na tena. Risasi zote zinakwenda kushoto. Kule kushoto nilikuwa nimeanika nguo. Fulana ya Jumapili ya Baba Anneth imepata tundu pale penye moyo.

Nikiwa namweleza mbuzi kuhusu kuvuta pumzi, nikasikia mtu anakohoa penye ua. Hanna, jirani yangu. Akauliza, Mama Anneth, siku hizi mnazungumza? Sylvanus alikuwa amejiinamisha nyuma ya migomba na bunduki yake, Hanna hakumwona. Nikasema mbuzi ni mgonjwa, namfariji. Akasema pole, akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi, akaondoka taratibu.

Huyu Hanna mumewe Mika na mkwe wake Solomoni nao wanapiga. Kila mwaka wanakuwa wa pili. Kila mwaka anasema mwakani.

Jumamosi, 15 Julai

Baba Anneth yuko nyumbani leo, hakuna somo. Nimefikiri sana juu ya zile risasi. Mtu akipiga zote kushoto, tena mahali pamoja, kosa si la mtu. Ni la chuma. Vilengeo vile ni vya zamani, vya enzi ya maduka ya ushirika. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, kwa nini mtoto ateseke na vilengeo vya foleni?

Nikaaga kwamba naenda sokoni Tengeru. Nikateremka mjini.

Sylvanus anamjua mwenye duka mmoja, Ndesanjo, anauza vitu vya wawindaji. Tumetembea vizuri: yeye mbele, mimi nyuma kama mtu na mtu wasiojuana. Yeye akaingia dukani, mimi nikabaki mlangoni nimegeukia barabara. Ndesanjo akawa katikati, anapeleka maneno. Mwulize huyo kijana kama anataka kilengeo cha kuvuta karibu. Mwambie Mama nitachukua atakachoona yeye kinafaa. Ndesanjo kwanza akadhani tumegombana. Halafu akauliza kabila letu, akasema ahaa, akaanza kufanya kazi vizuri.

Aina ziko tatu. Kuna hizi za kawaida tulizonazo. Kuna kipete, chuma chenye kitundu kidogo, unachungulia ndani yake kama mdeni aliyejifungia mlango. Halafu kuna darubini. Ndesanjo akasema kwa anayeanza, abaki na za kawaida mpaka mkono utulie, kwanza ajue kuweka shavu lake kwenye kitako, maana jicho likikaa pembeni hakuna kilengeo kitakachomsaidia.

Namjua mfanyabiashara. Ameona khanga yangu imechakaa akadhani hatuwezi. Nikamwambia amwambie kijana achukue darubini. Na kipete pia, endapo darubini itatushinda.

Sylvanus akampa spoki na mnyororo mpya wa baiskeli, wakapatana. Tumerudi hivyohivyo, yeye mbele, mimi nyuma, darubini kwenye kikapu changu chini ya nyanya.

Jumapili, 16 Julai

Baada ya ibada nilikuwa napasua kuni. Nikaona umoja wa wanawake wote wanapanda njia, wamevaa vitambaa, Hanna mbele na Biblia. Wamekuja kuniombea.

Hanna amewaambia kwamba nasema na mbuzi. Wakaniuliza kwa upole, tangu lini. Ningefanyaje? Nikisema ukweli, Baba Anneth yuko sebuleni anasikia. Nikasema tangu Ijumaa. Wakalia. Nikaweka kichwa chini, wakaweka mikono, wakaomba vizuri sana. Katikati ya maombi mbuzi akalia zizini. Mmoja akasema, anamwita. Wakaongeza sauti.

Nimewapikia loshoro letu la maziwa mgando, wamekula, wameondoka wamefurahi. Hata mimi nimesikia wepesi. Baba Anneth ameniangalia jioni nzima, akaniletea blanketi bila kuombwa.

Jumatatu, 17 Julai

Darubini.

Nilimfunga mbuzi upande wa nyuma, Hanna asimwone. Sylvanus akaifunga darubini juu ya bunduki kwa bisibisi yake ya kibandani, kijana ana mkono mwema na chuma. Akachungulia. Akamwambia mbuzi kwamba anaona nyeupe tupu. Nikamwambia mbuzi, subiri. Tukasubiri. Nyeupe. Nikaichukua mwenyewe, nikachungulia. Ni ukungu. Ukungu wote wa kijiji chetu, Nkoaranga, lakini sasa uko karibu zaidi.

Mchana ukungu ukaondoka kidogo. Sylvanus akageuza bunduki kutafuta kopo, akaruka nyuma. Mbuzi alikuwa amejipitisha, na kwenye darubini jicho lake lilikuwa kubwa kama sahani. Kijana akatulia, akalenga tena, uso wake ameupeleka kushoto kwa heshima, mimi kuliani kwake natoa maelezo. Risasi ikaenda kushoto. Nyingine kushoto. Sasa tunaona vizuri zaidi jinsi zinavyokosa.

Nimeifungua. Nimeificha ndani ya gunia la maharage.

Jumanne, 18 Julai

Kipete. Kibaya kuliko darubini. Sylvanus anasema, yaani anamwambia mbuzi, kwamba ndani ya kitundu haoni duara, anaona mwezi mwembamba tu. Nikamwambia mbuzi basi kipete kimepinda kiwandani. Risasi moja imekwenda kushoto mpaka tumeshindwa kujua imeishia wapi. Hanna ameuliza jioni kama kuna mtu anatupa mawe kwenye mabati yake.

Kijana amejaribu kuniambia jambo. Amemwambia mbuzi, labda Mama angesimama mbali kidogo, apumzike. Ana huruma mno. Nikamwambia mbuzi, sichoki. Nikasogea karibu zaidi ili aone kwamba niko naye.

Jumatano, 19 Julai

Bwana asifiwe.

Nimerudisha vilengeo vya kawaida. Halafu nikawaza kama mama. Mtoto akitembea kiupande humvunji mguu, unamsogezea ukuta. Kama risasi zinakwenda kushoto, basi kilengeo kisogezwe kulia.

Nikachukua kinyundo cha nyumbani, na msumari. Nikakigonga kile chuma cha nyuma kwenda kulia, kidogo. Sylvanus akapiga. Karibu. Nikagonga tena. Akapiga. Kopo likaruka.

Nikaweka jingine. Likaruka. Jingine. Likaruka. Kijana akasahau akaanza kugeuka anionyeshe furaha yake, akakumbuka katikati, akamkumbatia mbuzi.

Nikampikia mtori wenye nyama, nikamwekea juu ya jiwe, nikaondoka ale. Nimechungulia kwa ufa wa jikoni. Alikula huku anatabasamu peke yake. Hayo macho yake, jamani, ni ya kahawia hivi, kama kahawa iliyokaangwa vizuri. Laiti Eliud angeyaona.

Ijumaa, 21 Julai

Leo ni siku ya hofu.

Baba Anneth ameitoa bunduki, ameipaka mafuta, ameipangusa kama mtoto mchanga. Mimi nafagia palepale. Akasema ngoja nijaribu risasi mbili tatu kabla giza. Akijaribu ataona vilengeo vimeguswa, ataniuliza, na mimi uso wangu haujui kukaa kimya. Nikakimbilia kabatini, nikachukua kopo la risasi, halina kifuniko, nikalifukia ndani ya unga.

Ametafuta kila mahali. Akaniuliza. Nikasema labda panya. Akasema panya wale risasi za nini? Nikasema siku hizi za soko huria, kila mtu anakula anachopata.

Halafu nikasonga ugali, na unga nilichota bila kufikiri. Tonge la tatu Baba Anneth akasimama kutafuna. Akatoa kitu mdomoni. Nikafa. Akakitazama kwenye mwanga, akakitupa nje dirishani, akasema hizi mashine za watu binafsi, wanasaga mpaka nati.

Anneth amepanda kutoka Elerai kwa ajili ya kesho. Alimpigia baba yake shati pasi, taratibu, hakuunguza. Alipomaliza akaniuliza, Baba akisema hapana nitafanyaje? Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisimama tu na pasi mkononi mpaka makaa yakapoa.

Nikamwongezea chakula. Nikakaa naye mpaka alipomaliza.

Jumamosi, 22 Julai

Nitaandika kwa mpango.

Uwanja uko nyuma ya soko la Maji ya Chai. Wameweka mbao mstari mmoja, kila nyumba na ubao wake, na karatasi yenye duara jeusi. Ubao wetu na wa kina Hanna umekaribiana, wao kuliani kwetu. Sisi mama wakwe tuko mbali kwenye masufuria, kwa sababu wakwe wako uwanjani. Hanna alileta kigoda chake mwenyewe ili aone juu ya vichwa. Akaniuliza hali yangu, na hali ya mbuzi.

Baba Anneth akapiga kwanza. Akasimama anavyosimama, mguu mbele, shavu kwenye kitako. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nikasikia minong'ono. Mzee mwenye kuangalia karatasi akatangaza: ubao wa Eliud hauna hata tundu moja, ni safi kama kitambaa cha meza ya Bwana. Lakini ubao wa Mika na Solomoni una matundu mazuri sana katikati, na wenyewe bado hawajapiga.

Hanna akapiga vigelegele. Akasema, ahsante sana Mama Anneth, mumeo ni mtu wa kujitolea.

Sikujali Hanna. Nilimwangalia Eliud. Alisimama anaitazama bunduki kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Halafu akampa Sylvanus.

Sylvanus akalenga. Peke yake pale, shingo imenyooka, uso umenyooka, hana wa kumwonea haya. Akapiga. Kulia. Kwa kina Hanna. Akapiga nyingine. Kulia. Watu wakaanza kucheka. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba hao wanampigia Solomoni. Anneth alikuwa upande wa pili na mashoga zake, nikaona anajifunika uso kwa khanga.

Nikawaza, mtoto amesahau kila kitu kwa sababu sipo. Anahitaji sauti yangu.

Nikaacha mwiko ndani ya wali. Hanna akasema unakwenda wapi, Mama Anneth, kule kuna mkweo. Nikakata uwanja mzima. Nasikia wanawake wananiita nyuma, nasikia mama mmoja wa umoja wetu anasema ile hali ya mbuzi imemrudia. Nikaenda nikasimama pale pangu, kuliani kwa Sylvanus. Mbuzi hayupo. Nikakiambia kigingi cha kamba: mtu atulie, akibane begani, akumbuke makopo.

Sylvanus akanihisi. Palepale akageuza uso wake wote kushoto.

Akapiga. Duara jeusi, katikati. Akapiga nyingine, juu ya ile ya kwanza. Akamaliza risasi zake zote humohumo, na mzee wa karatasi akaenda kuangalia mwenyewe, akarudi amevua kofia.

Lakini hazikutosha. Kina Hanna wameshinda, kwa risasi za mume wangu.

Nikadhani yamekwisha. Ndipo Baba Anneth akamwomba mzee wa karatasi risasi mbili za ziada, nje ya mashindano. Akaniambia, Mama Anneth, sogea mpaka kwenye masufuria. Nikasogea. Akamwambia Sylvanus apige. Kulia. Akaniambia rudi. Nikarudi. Akamwambia apige. Katikati.

Akachukua bunduki. Akakiangalia kile chuma cha nyuma, mahali nilipogonga panang'aa bado. Akauliza nani amekigusa. Mimi nikaangalia mlima Meru. Ulikuwa umefunguka vizuri leo, hadi kileleni. Sylvanus akasema, kwa sauti ndogo akitazama majani, kwamba ni yeye Baba, amekosa.

Ni yeye! Kinyundo hakukishika hata.

Baba Anneth akaanza kucheka. Alianza kidogo begani, halafu akainama, halafu akakaa chini kwenye nyasi na shati lile lililopigwa pasi. Sijamwona akicheka hivyo tangu kabla Nathanaeli hajaugua macho. Kila akitaka kusema anatuonyesha sisi wawili kwa kidole, mimi huku, kijana ameangalia kule, anaanza upya. Hatimaye akakumbuka na habari ya mbuzi, akawaeleza watu. Kwamba huyu kijana wiki nzima amefundishwa na mama mkwe wake, na wiki nzima amelenga huku amegeuza shingo ili asimtazame. Jicho limekaa pembeni, risasi zikaenda kushoto. Kwamba huyu mama, badala ya kusogea, akasogeza kilengeo.

Watu walicheka mpaka wali ukaungua. Wali wenyewe ulikuwa wangu.

Jumapili, 23 Julai

Wajomba wamekuja, wanne, na pombe ya mbege na mashuka mapya. Wakakaa sebuleni. Sylvanus akakaa mwisho, anatazama chini kama kawaida yake. Anneth na mimi jikoni, tumeegemea mlango, ameushika mkono wangu mpaka umekufa ganzi.

Baba Anneth hakuanza haraka. Akauliza habari za Machame, habari za mvua, habari za kahawa na wanunuzi wapya. Akanywa mbege. Halafu akasema alikuwa na neno moja juu ya kijana wao, kwamba hajui anachokitazama anapotazama chini. Akasema jana amejua.

Akasema: mwanenu alikuwa na bunduki mkononi. Ushindi ulikuwa mbele yake, watu wanamcheka nyuma yake, na aliyemharibia alikuwa pembeni yake. Angegeuza uso wake kidogo tu angepiga sawa siku ya kwanza. Hakugeuza. Nilipouliza nani ana kosa, akasema ni yeye. Mtu anayemheshimu mama wa mke wake hata pale anapomponza, binti yangu nitalala usingizi akiwa kwake.

Mjomba mkubwa akatikisa kichwa, akasema na sisi tunaomba mama huyo asije Machame na kinyundo.

Nikamsikia Baba Anneth akisema, Sylvanus, niangalie mimi, mimi si mama mkwe. Halafu akasema, ahaa. Ya kahawia.

Anneth alianguka begani kwangu. Hapo ndipo alipolia. Nami nikajua la kufanya, nikalia naye.

Jumatatu, 24 Julai

Jua limetoka. Baba Anneth amerudisha kilengeo mahali pake, ameifungia bunduki kabatini, ufunguo anao mwenyewe. Ameniambia kwa upole, tena ameshika mkono wangu, kwamba Mama Anneth, ukitaka jambo kwangu niambie hivihivi, usinizunguke. Nimekubali. Ni kweli kabisa. Nimeahidi.

Hanna amepita na sufuria, zawadi ya ushindi wao. Nimempongeza. Nimemweleza pia kwamba mpiga shabaha aliyepiga katikati siku ile mbele ya watu wote alifundishwa na mimi, na kama Solomoni anataka, nina nafasi.

Mchana Irine, mdogo wake Anneth, amekuja jikoni akawa anachezea kifuniko cha birika. Nikajua kuna neno. Kumbe kuna kijana anaitwa Abdiel, anaendesha lori la mbao. Analeta posa mwezi ujao.

Baba yao alikuwa mlangoni anasikia nusu. Akauliza Abdiel gani, yule wa lori? Simjui. Nikaona uso wake unaanza kukunjamana. Na najua kitu anachokikosa siku hizi kuliko vyote ni sauti ya nne kwenye kwaya anayoimba kanisani, tangu mwalimu wao wa besi ahamie Singida.

Nikasema, kwani hujui Abdiel anaimba besi?

Akaweka kikombe chini.

Kesho saa nane anakuja nimfundishe. Mimi niliimba soprano wiki mbili kabla ya kipaimara. Besi ni ileile, unashuka tu.